Kuku Asiyekimbia

Umewahi kushika kuku asiyetaka kukukimbia? Nakuuliza wewe unayenisikiliza, usiangalie pembeni. Sisemi kifaranga, wala kuku mgonjwa aliyelegea shingo. Nasema kuku mzima, mwenye nyama, wa rangi ya majivu na madoa meupe kifuani. Umemtia kwapani naye anatulia, anakunja miguu yake vizuri kama mtu anayekunja nguo za kuanua, anafumba jicho moja, na moyo wake unapiga ubavuni mwako polepole mpaka hujui tena upi ni wake na upi ni wako. Kama hujawahi, ngoja nikueleze taratibu. Mimi nilimshika, na tangu hapo sijui vizuri kama mimi ndiye niliyechinja au mimi ndiye niliyechinjwa.

Nilikuwa nimekwenda kwa binti yangu Mwantumu, amejifungua. Mji anaokaa una jina, ila ukishavuka daraja la kuingilia jina lenyewe linakutoka kinywani, hulipati tena. Wenyewe hujiita Wapole, basi na mimi nitauita Mji wa Wapole. Na lile daraja lina tabia yake. Unalikanyaga una miaka sabini, ukifika katikati una arobaini, hatua chache mbele una saba na umeshika mkono wa mtu usiyemwona. Ukitokea upande wa pili unarudishiwa miaka yako yote, lakini si kwa mpangilio ule ule. Mimi nilirudishiwa kwanza magoti ya uzee, halafu macho ya usichana, na katikati pakabaki nafasi ambayo hadi leo sijui ilikuwa ya nini.

Mlinzi wa daraja aliniuliza swali moja tu.

"Mama, una kitu chochote chenye makali?"

"Nina ulimi tu, mwanangu."

Akacheka, akanipitisha. Kisu changu kilikuwa ndani ya kanga, kimeviringishwa pamoja na tangawizi, pilipili manga, vitunguu saumu na ndimu sita. Sikuona kama ninaficha kitu. Kisu cha jikoni ni kisu cha jikoni, hukai ukakitangaza.

Nikamkuta Mwantumu kitandani, mtoto wake ana siku tatu, wa kike, bado hana jina kwa kuwa siku ya saba haijafika. Uso wa binti yangu ulikuwa umechujuka kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Hakuna aliyemfunga tumbo. Hakuna aliyemkanda. Mume wake, Leonadi, ni mzaliwa wa mji ule, mrefu, mwenye adabu ya kuvua viatu hata asipoambiwa. Alinipokea mzigo, akaniuliza safari mara tatu, akaenda kazini. Mahali pa kumkalisha mzazi juu ya kigoda akandwe kwa maji ya moto palikuwa na kiti chenye mto wa hariri, na juu ya mto ameketi kuku.

Mwantumu akanyoosha mikono, akamtoa kuku juu ya mto, akaniwekea kifuani.

"Huyu ndiye Lulu, mama. Mshike."

Nikamwangalia. "Ni huyu?"

"Ndiye huyu," akasema, akageuza uso ukutani.

Sasa elewa jambo hili, maana ndipo kila kitu kilipoanzia. Kwetu mgeni wa heshima huonyeshwa kuku angali hai. Unaletewa mikononi, unampima uzito kwa kiganja, unasema huyu ni mzuri, Mungu awazidishie, kisha anaondolewa na ukimwona tena yuko kwenye sahani. Na nyumba ikiwa na mzazi, kuku akishawekwa mikononi mwa mama wa mzazi hakuna tena cha kuuliza. Ni supu. Mwanamke aliyetoka kuzaa amefunguliwa mifupa yote, na mifupa hiyo hufungwa kwa supu ya kuku wa kienyeji, yenye pilipili manga ya kumtoa jasho. Mama yangu alinifanyia hivyo, na mama yake alimfanyia yeye. Sikuwaza lolote jingine. Kule kukaa kwake juu ya mto wa hariri nilidhani ni kunenepeshwa.

Kwetu vilevile mwanamke hachinji. Hakuna anayekukataza kwa fimbo, ila ndivyo tulivyokuta: unamkamata kuku, unasimama naye mlangoni, unamwomba mwanamume wa kwanza anayepita akuchinjie. Hata kama humjui. Anachinja, ananawa, anakwenda zake na shukrani. Basi nikajitanda kanga, nikamtia Lulu kwapani, nikasimama mlangoni pa binti yangu katika Mji wa Wapole.

Jua la mji ule halitembei kama la kwetu. Lilikuwa limesimama juu ya paa la jirani, na wala sikuona usiku muda wote niliokaa huko. Akapita bwana mmoja mnene, ambaye baadaye nilijua anaitwa Silvano, anaongoza mbwa mdogo aliyevalishwa sweta la manjano.

"Hujambo baba. Samahani. Una udhu?"

"Nina nini?"

"Basi hata kama huna. Nakuomba unichinjie kuku huyu, binti yangu ni mzazi."

Alimtazama kuku. Akanitazama mimi. Kisha akainama akamziba mbwa wake masikio kwa mikono yote miwili.

"Mama," akasema polepole, "umesema nini mbele yake?"

"Mbwa naye anakula supu?"

Alimbeba mbwa akaondoka naye mbiombio, na waliokuwa wakija nyuma yake wakavuka barabara. Nikangoja. Nilingoja mpaka kanga ikashika joto la yule kuku. Ndani mtoto akalia, na Mwantumu hakuwa na nguvu hata ya kumgeuzia ziwa. Nikasema basi, Mungu ananiona, na mifupa ya mwanangu inafunguka.

Nilikwenda uani. Nilimpa maji kwanza. Akanywa, akainua kichwa kuyameza, akanywa tena. Kisu nilikifichia nyuma ya mgongo, maana kuku haonyeshwi kisu. Tangu nina akili nimeshika kuku wengi sana na kila mmoja alitaka kwenda: unamshika unasikia mwili mzima unakwambia niache. Huyu hakusema niache. Alilaza shingo yake juu ya mkono wangu wa kushoto, mahali pale pale mtoto mchanga anapolaza kichwa, akafumba jicho. Nilisubiri ashtuke. Nilimtingisha kidogo ashtuke, nikwambie kweli. Nilihitaji anikimbie hata hatua moja ili nimkamate na mambo yawe kama yalivyo siku zote. Akafungua jicho, likanitazama, na ndani yake nikaona kitu kidogo cheusi chenye kanga, nacho kilikuwa mimi, kimeinama. Nikapiga bismillahi.

Nilipomnyonyoa kwa maji ya moto na kumbabua juu ya moto, mikono ilikuwa inajua kazi yake. Nilipompasua ndipo mikono iliposimama. Kwenye firigisi hamkuwa na changarawe. Mlikuwa na makombo ya keki. Na ndani zaidi palikuwa na mayai machanga, yamepangwa mstari. La kwanza lilishaanza kuvaa ganda: hilo lilikuwa la kesho. Lililofuata lilikuwa la keshokutwa. Halafu la mtondo, halafu la mtondogoo. Baada ya hapo lugha yetu imeishiwa majina ya siku, lakini mayai hayakuishiwa. Yaliendelea kupungua, kama gololi, kama punje za mahindi, kama uwele, mpaka yakawa vumbi la manjano lisilohesabika. Nilikuwa nimeshika kiganjani siku ambazo hazitakuja. Kila kuku niliyewahi kumpasua alikuwa nazo, na kila mara nilizitia kwenye sufuria nikisema haya ni ya mzazi, yana mafuta. Sikuwahi kuzisoma. Sijui kwa nini siku ile nilizisoma. Labda ni yale macho ya usichana niliyorudishiwa darajani. Nilizisoma zote, halafu nikazitia kwenye sufuria.

Mwantumu alikunywa bakuli mbili. Aliyaanza yale mayai, moja moja, kwa vidole. Akafyonza shingo mpaka mfupa ukawa mweupe. Jasho likamtoka puani, rangi ikamrudi, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama ana miaka mitano.

"Hii ndiyo, mama. Hii ndiyo."

Kisha akaweka bakuli chini, akafuta midomo, akasema kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mji ule:

"Lulu yuko wapi?"

Kilio alicholia sijawahi kukisikia msibani. Mtoto akalia naye. Majirani wakafungua madirisha. Leonadi akaja mbio kutoka kazini, akapita uani, akaona ndoo ya manyoya, akakaa chini pale pale na suruali yake nzuri.

"Mama, alikuwa anakaa na sisi mezani."

"Baba, mimi niliwekewa mikononi."

"Uwekewe mikononi umpende, mama. Mikono si ya hivyo tu."

Yale maneno yaliniingia, kwa sababu hakuyasema kwa hasira. Angenitukana ningepata pa kushika.

Mchana ukawa mchana zaidi, ndivyo siku inavyosogea kule. Jikoni, ukutani, palikuwa na kidirisha kidogo cha bati chenye mpini. Kila nyumba inacho. Kengele ikalia, Leonadi akafungua, akatoa sahani ya karatasi ngumu, juu yake mapaja manne ya kuku, hayana ngozi, ya waridi, yamefunikwa kwa kitu kinachong'aa. Akayakaanga huku machozi yanamtiririka. Akatuandalia.

"Na huyu?" nikamuuliza.

"Huyu nani?"

"Huyu hapa mezani."

"Huyo si kuku, mama. Hiyo ni nyama."

"Aliitwa nani?"

"Hakuitwa."

Alikuwa anatafuna taratibu, kwa huzuni. Nami nikajiona nina haki, nikajinyoosha kwenye kiti, nikamwambia Mwantumu kwa lugha ya nyumbani: mwanangu, hawa watu wako wanalia na mdomo umejaa. Nilitaka acheke. Hakucheka.

"Mama, sisi je?" akasema. "Kuku tunawafunga miguu, tunawaning'iniza kichwa chini kutoka mnadani mpaka nyumbani, damu imewajaa machoni. Punda wa mzee Shebe alikuwa na kidonda mgongoni miaka sita, na fimbo ilikuwa inarudi pale pale. Mbwa tulimpiga mawe kwa sababu ni mbwa. Uliwahi kusema kitu?"

"Punda nilimsemea."

"Ulisema, 'Shebe, punda wako atakufa uingie hasara.'"

Ndivyo nilivyosema. Sikujua kama alikuwa anasikiliza; wakati ule alikuwa mdogo, anacheza mdako.

Kabla sijamaliza kula wakaja watu wawili waliovaa nguo laini, wakanisalimu kwa mikono miwili, wakasema bwana Silvano amepeleka habari, na mimi ninatakiwa mbele ya Mpole Mkuu jua likigusa bomba la maji. Nikawauliza sheria inasemaje. Mmoja akanieleza kwa upole sana, kama anamweleza mtoto mahali pa kujisaidia.

"Aliyeua bila kujua anasamehewa, mama. Anafundishwa, anabaki na jamaa zake. Aliyeua huku anajua anapelekwa nyuma ya ukuta."

"Kufanya nini?"

"Mji una haja naye," akasema, akaangalia viatu vyake.

Walipoondoka nikabaki peke yangu jikoni, Leonadi amempeleka Mwantumu kulala. Nikakitazama kile kidirisha. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya siku arobaini, basi, sikuwa na haja nyingine duniani: kumkanda mwanangu asubuhi, kumfunga tumbo, kumpa mtoto jina siku ya saba, kuwa pale. Na nilikuwa nahesabu vidoleni siku hizo, naziona zinapungua kama yale mayai. Nikashika mpini. Nikafungua. Kulikuwa na giza na harufu ninayoijua. Nikaingiza mkono mpaka begani.

Mkono mwingine ukanishika.

Haukunivuta. Ulinishika tu, kiganja kwa kiganja, wenye maji maji na uvuguvugu, na kwenye kidole gumba ulikuwa na kovu lililopinda kama kwato. Mimi ninalo hilo kovu. Nililipata nikipara nazi, nina miaka kumi na mbili.

"Shikamoo," sauti ikasema mle ndani.

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Wa huko huko utokako."

"Unafanya nini humo?"

"Nachinja."

"Nani alikuingiza?"

"Nilipovuka daraja niliulizwa kama nina kitu chenye makali. Nikasema ninacho. Ulisema nini wewe?"

Sauti ile niliifahamu. Ilikuwa yangu, ya nilipokuwa na miaka thelathini, kabla meno hayajaanza kung'oka.

"Mko wengi humo?"

"Hatuhesabiwi. Kengele ikilia tunasukuma sahani. Wao wanasema asante."

"Wanasema asante kwa nani?"

"Kwa ukuta." Akacheka, na kicheko nacho kilikuwa changu. "Bibi, mimi nawachinja wanaokimbia. Siku nzima wanakimbia. Ni kweli wewe umempata asiyekimbia?"

"Nimempata."

"Alikuwaje?"

Sikuweza kumwambia. Kengele ikalia upande wake, ule mkono ukaniachia, na nilipoutoa wangu ulikuwa na unyevu, sikuutazama kama ni maji au nini. Niliupangusa kwenye kanga.

Ukumbi wa Mpole Mkuu ni mweupe, na viti vyake vimepangwa duara ili asiwepo wa nyuma. Mpole Mkuu ni mtu wa makamo. Alipokuwa akinitazama kwa jicho la kulia alikuwa mwanamke, akigeuza la kushoto alikuwa mwanamume, na wote wawili walikuwa wananihurumia. Mbele yake palikuwa na sahani ya vipande vidogo vidogo vya nyama, vimechomwa vijiti, akawa anakula kimoja kila baada ya maneno machache. Mwantumu aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, mtoto kifuani. Leonadi alisimama nyuma yake. Silvano alikuwa na mbwa wake, sweta leo la kijani.

"Aliniomba mimi," Silvano akasema. "Mimi, mtu mzima. Akaniuliza kama ninacho kitu gani sijui, nikamwambia sina."

"Udhu," nikasema.

"Sina, na sitaki kuwa nacho."

Watu wakaguna kwa huruma. Mpole Mkuu akachukua kijiti.

"Bi Somoe, hakuna anayekuchukia hapa. Watu wa kwenu hawajafundishwa. Mnaona kiumbe kama tunavyoona jiwe. Ni jambo la kusikitisha, wala si kosa lako. Tunaomba useme neno moja tu liandikwe: 'Sikujua kuwa ana uchungu.' Ukilisema utarudi na binti yako, ukae naye siku zako arobaini. Ukitaka hata zaidi."

"Nisipolisema?"

"Kwa nini usiliseme?" Akauliza kweli, si kwa kutisha. Akatafuna.

Sikujua. Neno jepesi. Somoe, lina herufi ngapi? Uliseme ukae. Maji ya moto asubuhi, yenye majani. Mkanda wa tumbo, uukaze chini kwanza. Siku ya saba unyoe zile nywele laini, umwite jina sikioni. Uliseme. Nani atakuuliza? Umesema uongo mkubwa kuliko huo mbele ya daraja, ukachekewa. Sikujua kuwa ana uchungu. Lakini yale maji nilimpa ya nini? Jiwe hulipi maji. Kisu nilikificha nyuma ya mgongo nikimficha nani? Mama yangu aliyenifundisha kukificha alimficha nani, na mama yake? Sisi sote tulijua. Tunajua tangu dunia. Tulijua tukala, na kabla ya kula tukasema jina la Mungu, kwa sababu tulijua. Hicho ndicho kitu chetu. Wao wamejitengenezea kitu chao, kutojua, wakakijengea ukuta na kukitia kengele, na sasa wananipa na mimi kipande.

Na usidhani nilijiona bora kuliko wao. Niliposimama pale niliuona na ukuta wa kwetu. Hauna matofali. Mwanamke anamlea kuku, anamjua sauti, anajua anapopenda kutagia. Siku ikifika anamshika, anakwenda mlangoni, anamwita mwanamume apitaye, anageuza uso. Mwanamume anachinja, ananawa, anakwenda zake. Aliyemjua hakuua, na aliyeua hakumjua, na kati yao inapita supu. Miaka sitini nimesimama katika mlango ule nikidhani ninaomba msaada. Mimi nilikuwa tofali. Siku moja tu watu wote walipokataa ndipo aliyejua na aliyeua wakawa mtu mmoja, nikausikia uzito wa kitu hicho mkononi, na kama ninasema sasa sikujua, basi yule kuku alilaza shingo yake juu ya mkono wa nani?

Lakini mjukuu wangu alikuwa anapiga chafya. Chafya ndogo, kama kifaranga. Nikatamani kulisema, nisikufiche. Mdomo ulishafunguka kulisema.

"Nilijua," nikasema.

Mpole Mkuu akaweka kijiti chini.

"Sema tena, pengine hatukusikia vizuri."

"Mmesikia. Nilijua ana uchungu. Nilijua ana kesho, na keshokutwa, na mtondo. Alikuwa ananiamini nami nikajua kuwa ananiamini. Nilimchinja kwa ajili ya mzazi. Sina neno jingine."

"Mama," Leonadi akasema, "tafadhali." Alikuwa analia tena. Ni mtu mwema, Leonadi. Sisemi hivyo kwa kejeli.

Mpole Mkuu aliinamisha kichwa, akatoa ishara kwa kidole kimoja, na mlango usio na rangi upande wa nyuma ukafunguka. Harufu ikaingia ukumbini. Watu wote wakatoa leso wakaziba pua, wakawa wanatazama dari. Wale wawili wenye nguo laini wakanishika viwiko, kwa adabu, mmoja akanisaidia kuokota ndara iliyonivuka. Hatua saba mpaka mlangoni. Hatua ya kwanza nilikuwa na miaka sabini. Ya pili, hamsini. Ya tatu ilinirudishia kovu kwenye kidole gumba likiwa bichi, linauma.

"Mwacheni."

Alikuwa Mwantumu. Alikuwa amesimama kutoka kwenye kile kiti, mtoto mkono mmoja, mkono wa pili ameshikilia tumbo lisilofungwa. Leonadi akataka kumshika, akamzuia kwa kiwiko.

"Kaa, mwanangu," nikamwambia. "Utafunguka."

"Nimekaa vya kutosha." Hakumtazama Mpole Mkuu, alinitazama mimi. "Mama, siku ile sikuwa nakuonyesha Lulu. Mimi nimezaliwa kwako. Najua kuku akiwekwa mikononi mwa mama wa mzazi ana maana gani. Uliponiuliza ni huyu, nilikujibu ndiye huyu. Ulipokuwa mlangoni unawaomba watu nilikuwa nakusikia. Ningeita mara moja tu ungerudi."

"Mwantumu," Leonadi akasema, "umechoka."

"Sikuchoka. Nilitaka supu. Tangu mimba ina miezi mitatu nilikuwa naitaka, si nyama ya kwenye kidirisha, nilitaka ile. Namsugua manyoya asubuhi, nampa keki, mate yananijaa. Nikakuandikia uje. Nikasema mama atakuja, yeye hataniuliza, yeye anajua kazi." Akavuta pumzi, na maziwa yalikuwa yamemlowesha nguo, hakujali. "Nilitaka Lulu afe. Na nilitaka nimlilie. Na nilitaka, mama, aliyemuua awe wewe."